Kumkagua Ndugu: Miaka Yangu Kwenye Yadi ya Mnada

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa friji ninuse. Sitanii. Nilikuwa msichana niliyetoka shule karibuni, nimevaa sketi iliyopigwa pasi mpaka inakaribia kusimama yenyewe, nikitegemea kuonyeshwa meza na kalamu. Ta Rwelamira, mnadi wa kampuni yetu pale Bukoba, ambako mwanaume wa heshima huitwa Ta, mtu mfupi mwenye sauti iliyosikika kutoka yadi mpaka ziwani, alifungua mlango wa friji kuukuu akaniambia, "Ingiza kichwa, mwanangu. Niambie unasikia nini."

Nikaingiza kichwa. Nikasema nasikia harufu ya samaki.

"Samaki wa lini?"

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni. Kumbe swali lilikuwa la kazi. Harufu ya samaki wa juzi maana yake friji ilikuwa inatumika mpaka juzi, na mwenyewe ameileta mnadani kwa shida zake tu. Harufu ya samaki wa zamani iliyofunikwa kwa sabuni ya unga maana yake friji iliacha kugandisha siku nyingi, samaki wakaozea humo, na muuzaji anajua. Ile ya siku hiyo ilikuwa ya sabuni. Ta Rwelamira aliipandisha jukwaani akatangaza kwa sauti yake yote kwamba ni kabati zuri sana la kuwekea nguo, lina taa ndani. Ikanunuliwa, na aliyeinunua alijua anachonunua.

Ninyi mliobaki kwenye dawati la ukaguzi mmeniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi kazi hii, na nilipoagwa nikistaafu mlinipa keki na kiti cha kupumzikia lakini hamkunipa nafasi ya kujibu, kwa sababu meneja alihutubia mpaka chakula kikapoa. Basi najibu sasa, nikiwa kwenye kiti hichohicho, nyumbani, migomba mbele yangu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vingine vilikuja, vingine vikapotea njiani, na vyote havikunifundisha lolote kuhusu friji.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Tochi. Sumaku, ya kujua kama ubavu wa gari ni bati au ni plasta iliyopakwa rangi. Spana ya plagi. Kioo kidogo cha kujitazama, ambacho wenzangu walidhani ni cha kupakia wanja, kumbe nilikuwa nakiingiza nyuma ya mashine na chini ya magari kuona kutu ambayo muuzaji hakupenda ionekane. Na khanga kuukuu ya kupigia magoti, maana ukaguzi wa mtu aliyesimama wima ni matembezi tu. Ta Rwelamira alikuwa na kifaa kimoja zaidi, subira. Alikuwa akimwacha muuzaji aseme mpaka achoke, kisha anakwenda moja kwa moja kutazama ule upande ambao hakuuzungumzia. Akikuta muuzaji amesifia sana miguu ya meza, anaiacha miguu atazame juu.

Kisha mnada ukahamia kwenye simu. Ta Rwelamira alikuwa anakaribia kustaafu wakati huo. Vijana walipomweleza kwamba sasa watu wataona picha kwenye ukurasa wetu na kupandisha dau wakiwa wamelala vitandani kwao, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Na friji wataninusia nani?" akauliza. Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yangu mpaka juzi nilipostaafu. Mtu wa Karagwe au wa kisiwani Muleba anaona picha, anapenda, anapandisha dau. Pua yangu ndiyo pua yake.

Matapeli hawakukawia. Mnada wa uwanjani ulikuwa na aibu yake: muuzaji amesimama pale, watu wanamwona, shangazi yake anapita. Kwenye simu mtu hana shangazi. Anaiba picha ya cherehani ya mtu wa mbali, anaiweka, anajipandishia dau mwenyewe kwa majina matatu tofauti, na wewe unayeangalia unadhani watu wanaigombania. Ukiona dau linapanda haraka na wapandaji hawaulizi swali hata moja, jua wote wamekula kwenye sahani moja. Mnunuzi wa kweli husumbua. Huuliza kama inakula umeme, huuliza kwa nini inauzwa, hutaka kujua mpaka chupa ya mafuta kama inakuja nayo.

Nilikuwa na dawa moja ya picha za wizi. Muuzaji wa mbali akileta picha nzuri mno, namwambia apige nyingine saa hiyohiyo, na juu ya bidhaa aweke kitu ninachokichagua mimi: mwiko wa kusongea ugali, ndizi mbivu, kiatu cha kushoto. Mwenye mali hucheka akapiga. Mwizi wa picha huanza kunieleza habari za mtandao wa kwake kuwa mbaya. Siku hizi nasikia simu zinaweza kubandika kiatu popote, kwa hiyo ongezeni video, muuzaji mwenyewe akiwasha kitu na kuongea nanyi papo hapo. Kiatu nacho msikiache. Kimenisaidia sana.

Wapo waliofika kwangu baada ya kuumia. Namkumbuka fundi cherehani mmoja wa Kahororo aliyenunua kichwa cha cherehani kwenye ukurasa fulani, akalipa yote kabla ya kukiona. Mzigo ukaja na basi, umefungwa vizuri sana. Nilipofika kwake nilimkuta amekaa na tofali mapajani, amelifungua kutoka kwenye kitenge kipya.

"Ma Kemi," akaniambia, "angalau kitenge ni kizuri."

Na kweli kilikuwa kizuri. Alikishona gauni, akalivaa kanisani, na kila aliyemsifia alimtajia bei yake, ile aliyolipia cherehani. Nafikiri gauni lile limeokoa watu wengi kuliko matangazo yetu yote, maana tangu hapo watu wa upande ule hawakupokea mzigo bila kuufungua palepale ofisi ya basi, mbele ya karani, kabla ya kutoa malipo.

Nikaja kugundua kwamba watu hawatapeliwi kwa namna moja. Kila watu wana mlango wao. Wavuvi wa visiwani, ambao wengi wametoka mikoa mingine kutafuta maisha, mlango wao ni haraka. Wana siku chache za kuvua na hawataki maneno mengi. Wakulima wa Kanazi na kwingineko huku kwetu hawana haraka hata kidogo. Mkulima wa kahawa amezoea kungoja. Atakagua mbuzi meno, atakagua jembe, atagonga sufuria kwa kidole asikilize mlio. Lakini mwambie kwa Kihaya kwamba wewe ni wa ukoo wake, na mwiko wenu wa kutokula ni mmoja, hapo anafunga macho. Kwetu sisi kumkagua ndugu ni kumvua nguo. Utaanzaje kugonga sufuria ya ndugu yako akikuangalia?

Nami ni wa hukohuko, kwa hiyo siwacheki kutoka mbali. Ukoo wangu una mwiko wake pia, mnyama mmoja ambaye sitamtaja hapa, kwa sababu matapeli nao husoma.

Sasa niwaeleze kuhusu Adelina, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha sehemu ya kazi ambayo Ta Rwelamira hakuwahi kuifikia.

Adelina ni mzaliwa wa Kanazi. Aliolewa na mvuvi aliyetoka Ukerewe, wakaishi kisiwani Muleba. Mume alipofariki, ndugu wengi walitegemea arudi nyumbani alee watoto kwenye kibanja, shamba la migomba la wazazi. Hakurudi. Alibaki na mtumbwi wa dagaa na wavuvi waliokuwa wa mumewe, akausimamia mwenyewe, na watoto wakaendelea na shule. Kisha mashine ya mtumbwi ikafa, kufa kabisa, fundi akamshauri aiuze kama chuma chakavu.

Kwa wasiojua maisha ya kule: dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, na wavuvi wenyewe huziita siku hizo giza. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika, hushona nyavu, hulewa kidogo. Giza likirudi kila mtumbwi unaingia majini. Usio na mashine unabaki mchangani, na wavuvi wake wanahamia kwa tajiri mwingine, kwa sababu nao wana watoto. Wakishahama hawarudi. Kwa hiyo Adelina alikuwa anatafuta mashine kabla ya giza, na alichokuwa nacho mkononi ni akiba yake yote. Ikipotea hiyo, mtumbwi umekwisha na habari ya kisiwani imekwisha.

Alikuja yadi asubuhi moja akiwa amebeba kifurushi cha samaki waliokaushwa, kimefungwa vizuri kwenye gazeti. Akanisalimia kwa adabu zote akaniuliza anakaa wapi kaka yake, mfanyakazi wetu, akanitajia jina.

"Hapa hatuna mtu wa jina hilo," nikamwambia.

Akatabasamu kama mtu anayejua siri. "Najua amewaambia msiseme. Hakutaka nije dirishani. Lakini nimefika mjini kwa shughuli nyingine, ningepitaje karibu na ofisi ya ndugu yangu bila kumsalimia? Nimemletea samaki."

 Nikamvutia kiti, nikamwomba anieleze polepole. Alikuwa ameona mashine ya boti kwenye ukurasa wenye jina la kufanana na letu na picha ya yadi yetu, geti letu, mpaka mbwa wetu amelala pale. Akapandisha dau, akaambiwa ameshinda. Binamu yake akampongeza palepale ukurasani, mbele ya watu wote, kwa jina la ukoo. Haikupita muda, mtu akamwandikia pembeni: dada, kumbe wewe ni wetu! Mimi nafanya kazi humo ndani. Akamtajia mwiko wa ukoo, akamwita kwa majina ya heshima ya Kihaya, akaahidi kumtolea mashine kwa bei ya ndugu, ila alipe kwa simu na asifike ofisini, wenzake wasije wakamwonea wivu.

"Umeshalipa?" nikauliza.

"Bado. Nilitaka kwanza nimsalimie, ndipo nilipe. Ningelipa bila kumwona uso angeniona sina adabu."

Nilishukuru Mungu kimoyomoyo kwa adabu za Kanazi. Kisha nikakosea namna ya kusema, kama wengi wetu tunavyokosea, kwa sababu tunafikiri ukweli unatosha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, huyo ni tapeli. Hatuna mashine ya boti hapa, na ukurasa huo si wetu."

Akakunja uso. "Ma Kemi, unataka nimwite ndugu yangu mwizi? Umemjua lini?"

"Wewe umemjua lini?"

"Anaujua mwiko wetu!"

"Na mimi naujua. Anaujua kila mtu aliyewahi kula harusini kwenu mkakataa nyama."

Akasimama. Akamwandikia yule mtu mbele yangu, na jibu likarudi upesi: dada, samahani, leo sikwenda kazini, nipo nyumbani Ijuganyondo kwa mzee wetu Ta Ishengoma, mvua imeharibu njia, usihangaike kuja, lipia tu, kuna mtu mwingine ameshapandisha dau anataka kukunyang'anya. Adelina akanionyesha simu kwa ushindi. "Si unaona? Ana kwao."

Mvua haikuwa imenyesha Bukoba wiki nzima, lakini sikulitaja. Niliona kwamba nikiendelea kumkaba kwa ushahidi atalipa ili tu anionyeshe kwamba mimi ni mbaya. Ndipo nikatazama kile kifurushi cha samaki mapajani mwake, na akili ikanifunguka.

"Basi samahani," nikasema. "Pengine nimekosea. Lakini samaki hawa watarudije kisiwani? Ijuganyondo si mbali. Twende tukamsalimie ndugu yako na mzee, uwape samaki wao, kisha ulipie mbele yao kwa heshima."

Akakubali. Kumwambia Mhaya asiende kusalimia ni kumwambia asipumue. Tukaondoka.

Ta Ishengoma yupo kweli, na jina lake linajulikana Ijuganyondo nzima. Tulimkuta kibanjani kwake akipunguza majani ya migomba, mzee mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Adelina akapiga magoti kumsalimia, nami vilevile kwa magoti yangu yaliyozoea yadi. Salamu zilikuwa ndefu. Zilipitia wazazi, mababu, na upande wa Kanazi waliotokea, na ikaonekana kweli mzee ni wa ukoo wa Adelina. Adelina aliniangalia kwa jicho la kunisuta. Nikatafuna ile kahawa ya kukaribishia mgeni, kamwani tunavyoiita.

Mzee akapokea samaki akashukuru sana. Kisha akauliza, "Na leo mmekuja kuhusu nini? Jenereta?"

"Jenereta gani, tata, baba yetu?" Adelina akauliza.

"Juzi alikuja mtu wa jenereta. Kabla yake alikuja wa pikipiki. Kumbe nina mwana, jamani waitu, ana mashine za kila aina, anaziuza kwa simu, na mimi baba yake nakwenda mjini kwa miguu." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Wanangu nimewazaa mwenyewe nawajua. Huyu simjui. Kachukua jina langu kwa sababu watu wananiheshimu."

 Adelina alikuwa ameshika simu, na kama vile yule mtu alikuwa anatuona, simu ikaita. Adelina akaitazama. Mzee akanyoosha mkono, akapewa, akaiweka sikioni kwa uangalifu kama mtu anayepokea kikombe cha moto.

"Halo," akasema. "Ndiyo, dada yako yupo. Mimi ni Ta Ishengoma." Akasikiliza. "Umemwambia upo nyumbani, mwanangu. Nami nipo nyumbani. Mbona sikuoni?"

Akangoja. Kisha akaishusha simu akamrudishia mwenyewe. "Amekata," akasema. "Hata kuaga hakuaga."

Hapo Adelina akalia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yalitiririka na yeye akiwa amekaa wima mkekani. Mimi niliyekuwa nimeshinda ubishi sikufurahi hata kidogo. Nilimhurumia sana. Alisema hakulilia akiba, maana ilikuwa bado ipo. Alikuwa ameshamweleza yule mtu habari za mumewe, za wanawe, za usiku anaokaa macho mtumbwi ukiwa majini, na yule mtu alikuwa akimjibu, "Pole dada, sasa una kaka." Hilo ndilo lililomwuma.

Namba ile tuliipeleka polisi, ukurasa ule tukauripoti, na meneja akaniruhusu kutoa tangazo. Baadaye ukurasa ukafungwa. Yule mtu hatujamjua mpaka leo, na sitawadanganya kwamba alikamatwa. Ta Ishengoma tulimpelekea sukari, na tukaweka kwenye tangazo kwamba mzee wa Ijuganyondo hauzi kitu chochote isipokuwa ndizi, na hizo uzikague.

Lakini giza lilikuwa linakaribia na mtumbwi bado uko mchangani. Ta Ishengoma ndiye aliyesema, siku ileile kabla hatujaondoka, kwamba kwenye mwalo mmoja wa Muleba, gati la wavuvi, ana mpwa, jina lake Deo, mtu aliyeacha ziwa kwa sababu ya mgongo, na mashine yake ipo ndani imefunikwa turubai. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Naye ni wetu, hatakuonea."

Maneno hayo yalinitia hofu. Mzee alikuwa mkweli, hilo nililijua. Lakini sikilizeni, vijana: ndugu wa kweli na tapeli huanza kwa maneno yaleyale. Ubaya wa tapeli ni kwamba anaiga kitu kizuri. Hamwezi kuwaambia watu waache kuamini ukoo. Mtakuwa mnawaambia waache kuwa watu. Nilikaa usingizi haunijii nikiwaza nimwambie nini Adelina, na mwishowe niliomba ruhusa nikaenda naye Muleba na begi langu la spana. Njiani nilimfundisha mambo machache ya mashine ya boti, ambayo nayo nilifundishwa na mafundi wa mwalo: uvute kamba kabla ya kuwasha usikie kama inagoma mkononi, maana ikija laini kama uzi, nguvu imekwisha, ufungue skrubu ya gia utazame oili, ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na ikishawaka, utazame kitundu cha pembeni kama inatema maji, kwa sababu isiyotema itaungua katikati ya ziwa. Alinisikiliza akitazama nje ya dirisha. Sikujua ameshika nini.

Deo tulimkuta mwaloni ametutengea mashine, ameifunga kwenye ubao juu ya pipa la maji. Mtu mnene, mpole, anayetembea ameshika kiuno. Nilijua nitafanya nini: nitapiga magoti kwenye khanga yangu, nikague, nibebe mimi ile aibu ya kumkagua ndugu, ili Adelina asiibebe. Ndiyo kazi yangu. Nikatoa spana.

Adelina akanishika mkono akaichukua.

Kwanza alipiga magoti mchangani mbele ya Deo akamsalimia. Salamu kamili, hakuruka hata moja. Akamuuliza mgongo, akamuuliza wazee, akamfikishia salamu za Ta Ishengoma. Deo akafurahi mpaka uso ukang'aa. Akasema, "Sasa mashine ndiyo hii. Nimeitunza. Sisi kwa sisi hakuna kukaguana."

Adelina akasimama, akakung'uta mchanga magotini. "Wewe Ta Deo nimeshakusalimia," akasema. "Mashine bado sijasalimiana nayo. Washa tafadhali, waitu."

Wavuvi waliokuwa wakianika dagaa jirani waligeuka kutazama. Deo alimwangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaniangalia mimi, nikatazama ziwa. Nilikuwa na mengi ya kusema nikaung'ata ulimi, na huo nadhani ndio ukaguzi mgumu kuliko wote nilioufanya katika maisha yangu ya kazi. Kwa muda niliamini ameharibu. Nilishaanza kufikiria tutampata nani mwingine, na siku zenyewe zimekwisha.

"Kama mume wako angekuwepo," Deo akasema taratibu, "angewasha mwenyewe."

"Basi nitawasha mimi," Adelina akajibu.

Alivuta kamba pole kwanza, akisikiliza kwa mkono. Ikamgomea vizuri. Akafungua skrubu ya gia, akapaka oili kwenye ncha ya kidole, akakigeuzia jua. Ilikuwa safi. Plagi moja akaitoa, akaipuliza, akamwonyesha Deo. Ilikuwa imechoka, na Deo, sasa akiwa amesahau kununa, akaenda mwenyewe ndani akaleta mpya. Kisha Adelina akavuta kamba kwa nguvu. Haikuwaka. Akavuta tena, ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, pipa likatikisika, na uzi mwembamba wa maji ukaruka kutoka kwenye kile kitundu cha pembeni ukamlowesha gauni.

Hakusogea. Aliweka kiganja kwenye maji yale akakiacha hapo muda mrefu, mpaka aliporidhika kwamba ni ya uvuguvugu na hayaunguzi. Kisha akaizima, akajifuta mkono kwenye gauni, akamgeukia yule mtu mnene aliyeshika kiuno.

"Asante, kaka," akamwambia.